Boti ya mwendo kasi iliyotumika, familia ya watu saba: nisaidieni kuchagua kati ya hizi mbili kabla sijatoa hela

Baba Wanne

Wakuu, salaam kwenu. Nipo Dar, upande wa Kunduchi. Nyumbani tupo saba: mimi, mke wangu, watoto wanne na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye tunakaa naye. Mtoto mkubwa ana miaka 16, wa mwisho ana 6.

Kwa miaka mingi tumekuwa tukikodi boti kwenda Mbudya. Watoto wamekua, sasa hawataki tena kupelekwa kisiwani na kurudishwa. Wanataka kuvutwa kwenye donati, lile boya la mviringo la upepo, na mkubwa ameshapanda ski za majini mara tatu kwa watu, ameshikwa kabisa. Nikihesabu naona imebaki miaka miwili tu kabla hajaondoka nyumbani kwenda chuo. Nimeweka akiba kwa ajili ya hili na mke wangu ameridhia.

Nimepata boti mbili, bei zake zinakaribiana.

Ya kwanza ni ya Kimarekani, futi 18, ina viti mbele ya kioo hadi kwenye omo, yaani pua ya boti. Injini iko ndani, V6, ina mguu wa nje nyuma wenye propela. Iko yadi, imepakwa rangi inang'aa, viti vimeshonwa upya, redio ipo. Muuzaji anasema ni ya 2006 na haijatembea sana.

Ya pili ni faiba nyeupe ya futi 21, usukani uko katikati, ilikuwa ikibeba wapiga mbizi. Ina Yamaha 115 fo-stroki. Sura imechoka, ina mikwaruzo ubavuni na chuma za kushikia mitungi bado zimo.

Zote mbili naambiwa zinabeba watu 8. Familia nzima imeipenda ya kwanza. Naombeni ushauri wa watu wanaozijua, hasa suala la nafasi, maana hapo ndipo sina uzoefu.

Kasi40

Mkuu, wewe tazama mashine. Bodi ya faiba ikipasuka inazibwa, mashine ikifa umekwisha. V6 itavuta hata watu watatu kwa mpigo. Chukua ya kwanza.

FundiFaiba

Kasi40 nakuheshimu lakini hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na nimeshika faiba miaka 19. Mashine ya nje inashikwa na bolti nne. Ikifa leo, kesho unafungua unaweka nyingine, na Yamaha unapata spea mpaka Kilwa. Ukuta wa nyuma wa boti, pale mashine inaponing'inia, ukioza ndani huzibi. Unakata boti, unatoa mbao yote, unajenga upya. Nimeona watu wakiacha boti ufukweni kwa sababu gharama ya ukuta ilizidi bei waliyonunulia.

Baba Wanne, hizo "watu 8" kasema nani, muuzaji au kibao? Boti za Kimarekani za chini ya futi 20 hutoka kiwandani na kibao, mara nyingi karibu na usukani, kinachotaja idadi ya watu na uzito. Kama ni ya soko la Ulaya kitakuwa na herufi. C ni ya pwani, mawimbi mpaka mita 2 na upepo daraja la 6. D ni ya maji yaliyojificha, mito na maziwa madogo. Boti ya D si ya kuvukia Mbudya mwezi wa Julai kusi ikiwa imeshika.

Halafu nenda nyuma, upande wa kulia wa ukuta, chini kidogo ya ukingo. Kuna namba imekandamizwa kwenye faiba. Tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Andika yote hapa.

Baba Wanne

Nimerudi kutoka yadi. Kibao cha boti ya kwanza kinasema watu 7 au kilo 475. Namba ya bodi inaishia na 98, kwa hiyo ni ya 1998. Nilipomuuliza muuzaji akasema yeye aliambiwa ni ya 2006 na aliyemuuzia.

Jana usiku tulipimana wote kwenye mzani wa bafuni. Mimi 94, mke wangu 71, shemeji 63, watoto 68, 52, 37 na 21. Jumla 406. Nikaweka nanga na mnyororo, donati, kamba, jaketi okozi saba, boksi la barafu na maji ya kunywa: kama kilo 60. Imefika 466. Zimebaki kilo 9, na mama mkwe anapenda sana Mbudya.

Dada wa Nungwi

Kaka Baba Wanne, hongera kwa kupima. Wengi hawapimi. Ngoja nikueleze jambo moja kutoka upande wetu, nimefanya kazi ya michezo ya majini Unguja miaka tisa.

Nafasi ya boti ya familia usiihesabu kwa viti. Viti unavikalia dakika 20 za kwenda na 20 za kurudi. Zile saa tatu za katikati hakuna anayekaa. Mmoja yuko majini, mmoja amelowa anatafuta taulo, mmoja anakusanya kamba, mdogo analia maji yameingia puani, na wewe uko kwenye usukani unageuka nyuma kila mara. Watu wote hao wanasogea, na wanasogea kwa pamoja. Mtoto akianguka kwenye ski wote watakimbilia upande mmoja kutazama. Hapo ndipo boti nyembamba inapokutisha.

Kwa hiyo tazama upana kabla ya urefu. Futi 18 yenye upana wa mita 2.1 na futi 21 yenye mita 2.4 zinaonekana kama zimetofautiana kidogo, lakini ukiingia ndani ni chumba na ukumbi. Tazama pia kimo cha ukingo kwa mtoto wako wa miaka 6: akisimama sakafuni, ukingo unamfika wapi? Ukimfika juu ya magoti tu, hataweza kuachwa hata sekunde. Ukimfika kifuani, utapumua.

Ukienda kujaribu, nenda na watu wako wote saba, usiende na fundi peke yake. Boti ikiwa imesimama kwenye maji, waambie wote wahamie kushoto. Wewe ubaki kwenye usukani na uone maji yako wapi. Kisha waambie wote waende nyuma kwenye pembe moja, maana ndipo watakaposimama wakimpandisha mtu.

La mwisho, ngazi. Mwambie shemeji yako aruke majini apande mwenyewe, bila kuvutwa. Ngazi ya vidato viwili inayoishia usawa wa maji hapandi mtu aliyechoka. Unataka kidato cha mwisho kiwe chini ya maji kabisa, ili mguu ukipate bila goti kufika kidevuni. Na mtu akikaribia ngazi, mashine inazimwa. Kuweka ile gia ya kati isiyosukuma boti hakutoshi, zima kabisa. Hilo sina mjadala nalo, nimeona mguu wa mtu.

Mzee wa Creek (Kilifi)

Habari za huko Dar. Mimi niko Kilifi, na creek yetu, huu mkono wa bahari, ni shwari sana asubuhi, ndio maana ski hapa ina historia ndefu. Nilimiliki boti ya injini ya ndani miaka sita, kwa hivyo nitasema nayo.

Uzuri wake ni kweli. Nyuma kuna jukwaa pana la kukalia na kuvalia ski, kamba haigombani na mashine, na uzito wa injini uko chini kwa hivyo boti inatulia. Kwa ziwa lenye maji baridi ni chombo kizuri mno.

Kwa bahari yetu, shida ni kwamba injini nyingi za aina hiyo zinapozwa na maji ya chumvi yenyewe, yanapita ndani ya bloku na ndani ya manifoldi za ekzosi, zile njia za chuma za kutolea moshi. Chumvi inakula chuma kutoka ndani, huoni chochote kwa nje. Siku manifoldi inapotoboka, maji yanaingia kwa silinda. Kwa maji ya chumvi unafaa kuhesabu kuzibadilisha kila baada ya miaka michache, na hazipatikani hapa dukani, ni za kuagiza. Pia ule mguu unapita kwenye ukuta kupitia mpira wenye mikunjo. Mpira ukipasuka, maji yanaingia ndani ya boti wakati umelala nyumbani. Na mguu wenyewe hautoki majini kabisa ukiifunga boti kwa boya, tofauti na mashine ya nje ambayo unainua yote ikakauka.

Muulize muuzaji manifoldi zilibadilishwa lini, akuonyeshe risiti. Asipokuwa nayo, chukulia hazijawahi kubadilishwa.

Na jambo lingine: msikae kwenye lile jukwaa la nyuma injini ikinguruma, hasa watoto. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, haina harufu, na mtoto anaweza kuzimia akaporomoka majini bila sauti.

Shangazi Ziwani

Nipo Mwanza. Nathibitisha aliyosema Mzee wa Creek: ndugu yangu ana boti ya namna hiyo hapa Ziwa Victoria tangu 2011 na manifoldi ni zilezile, maji hayana chumvi. Lakini huku tuna yetu: upepo wa mchana unageuza ziwa ghafla, na kichocho kipo kando kando kwenye magugu, kwa hiyo watoto tunawashushia kwenye kina, mbali na ufukwe. Ushauri wa boti hauhami tu kutoka maji hadi maji.

Bin Muscat

Assalaam aleikum. Mimi niko Muscat, asili yangu Unguja. Baba Wanne, umefikiria kuagiza kutoka huku Ghuba? Boti zilizotumika ni nyingi na mashine zake nyingi ni Yamaha hizo hizo.

Ukifikiria hilo, jua kitu kimoja ambacho kimewaliza watu: mlango wa kontena una upana wa mita 2.34. Boti yenye upana wa mita 2.4 au 2.5, ambayo ndiyo unayoitaka kwa familia, haiingii ikiwa imelala sawa. Ama uilaze kwa pembe kwenye fremu ya chuma, ama isafiri juu ya trela yake kwenye meli ya magari, ama kwenye kontena lisilo na kuta. Kila njia ina bei yake. Kuna jamaa alinunua boti kwa picha, ikafika bandarini kupakiwa ikagoma mlangoni, akalipia kuegesha hapo wiki nyingi akitafuta njia.

Na jua la huku linakausha jelikoti, ile ngozi ngumu ya nje ya faiba, na mipira. Boti ya miaka mitano iliyoanikwa bila turubai inaweza kuwa imechakaa kuliko ya miaka kumi iliyofunikwa.

Baba Wanne

Waaleikum salaam. Nashukuru sana. Kuagiza nimekuacha kwa sasa, nataka kitu ninachoweza kukigusa kabla ya kulipa. Jumamosi naenda na fundi kukagua zote mbili. FundiFaiba, kuna cha kumkumbusha?

FundiFaiba

Akiwa fundi kweli atajua, ila msimamie.

Agonge ukuta wa nyuma na sakafu kwa mpini wa bisibisi au nyundo ya plastiki, sehemu kwa sehemu. Sauti kavu inayoruka ni nzima. Sauti ya kufa, kama unagonga kiroba cha mchele, ina maji ndani. Afungue skrubu moja ya chini kabisa kwenye ukuta, ya ngazi au ya bano lolote, aone kinachotoka. Kwa mashine ya nje, ainue mguu wake kidogo, aukandamize kwa uzito wa mwili, wewe ukitazama ukuta. Ukuta ukipumua, ondokeni.

Nyufa ndogo ndogo za jelikoti kama utando wa buibui zisiwatishe, boti ya zamani lazima iwe nazo. Zinazotisha ni zile ndefu kwenye kona ambapo ukuta unakutana na ubavu.

Mashine: apime kompresheni silinda zote. Namba yenyewe si muhimu kama kulingana kwake, tofauti isizidi asilimia 10. Afungue skrubu ya chini ya gia, atoe tone la oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, sili imeruhusu maji. Mashine iwashwe ikiwa ya baridi. Ukikuta imeshawashwa kabla hujafika, jiulize kwa nini, na urudi siku nyingine bila kuaga. Itazame inavyokojoa, yaani inavyotema maji ya kupozea: mkojo uwe na nguvu, uwe wa vuguvugu, usikatike. Kwa Yamaha fo-stroki, mwenye kompyuta na programu yake anaweza kusoma saa halisi za injini na imetembea kwa mzunguko gani. Usiache hilo.

Baba Wanne

Wakuu, Jumamosi imepita. Naandika kwa urefu kidogo maana nimejifunza mengi kwa siku moja kuliko kwa mwaka mzima wa kutazama picha.

Tulianza na boti ya kwanza. Fundi hakutazama injini kabisa. Alitoa bisibisi, akaigeuza, akaanza kugonga ukuta wa nyuma kutoka juu kushuka chini. Juu sauti ilikuwa ko, ko, ko. Alipofika usawa wa bano la ngazi ikawa du. Akarudia. Du. Akaniambia nigonge mwenyewe nikagonga, na kweli mkono unahisi tofauti hata kabla ya sikio.

Akaomba ruhusa kwa muuzaji afungue skrubu moja ya bano. Ilitoka kwa vidole viwili, haikuwa imeshika kitu. Tukakaa kimya tunatazama lile tundu. Baada ya kama nusu dakika likatoka tone la maji ya rangi ya chai ya rangi, likateremka polepole kwenye ile rangi mpya inayong'aa, likaacha mstari. Kisha la pili. Fundi akaweka kidole, akanusa, akaniletea puani. Ilikuwa harufu ya ubao uliolala kwenye tope. Boti hiyo ilikuwa juu ya trela, kavu, kwa miezi minane.

Binti yangu wa pili, wa miaka 13, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, kile kipya. Akasema, "Baba, sakafu hapa inabonyea." Fundi akafunua kapeti chini ya kiti. Sikupima chochote zaidi. Muuzaji alikasirika akasema tumemharibia boti. Fundi alirudisha skrubu yake na silikoni mpya, tukaaga kwa heshima.

Boti ya pili ilikuwa majini. Ukuta uligonga ko kuanzia juu mpaka chini, na kona zake hazina ufa. Mguu wa mashine ulipokandamizwa ukuta haukusogea. Oili ya gia ilikuwa safi. Kompresheni ya silinda nne ilipishana chini ya asilimia 5. Kompyuta ikasema saa 1,340. Hapo nilishtuka, maana ya kwanza niliambiwa ina saa 200 tu. Fundi akanipa daftari la mwenye boti: kila saa 100 oili na filta, impela ya pampu ya maji kila mwaka, zinki za kuzuia kutu zimebadilishwa, mashine inasafishwa kwa maji baridi kila jioni. Akasema mashine inayofanya kazi na kutunzwa haina shida, inayolala miaka mitatu na petroli ndani ndiyo inayomtia hofu.

Kisha nikafanya alichosema Dada wa Nungwi. Nilikuwa nimeleta wote. Kabla ya kupanda nilipima kwa rula ya mwanangu kutoka maji hadi ukingo, pembe ya nyuma kushoto: sentimita 61. Wote sita na fundi wakasimama pembe hiyo hiyo: sentimita 39. Boti ililala lakini ikasimama hapo, haikuendelea kulala. Mtoto wangu wa mwisho akisimama sakafuni, ukingo unamfika chini kidogo ya kwapa. Mke wangu hakusema kitu pale, lakini nilimuona akipima kwa macho.

Shemeji akaruka. Hapo boti ilifeli. Ngazi ni ya wapiga mbizi lakini kidato kimoja kimekatika, na alining'inia akicheka mpaka akachoka. Mwenye boti amekubali kupunguza bei kwa ajili ya ngazi.

Tukaenda kuijaribu. Watu wanane, tangi nusu. Gesi yote, na omo ikapanda juu nikawa sioni mbele kwa sekunde tisa nzima ndipo ikalala juu ya maji. Mzunguko wa mashine uliishia 4,700 tu kwa dakika.

Je, mashine ndogo? Hilo ndilo swali langu sasa. Nafasi ninayo. Sina uhakika na nguvu.

Kasi40

Nimesoma ile habari ya tone la maji mara mbili. FundiFaiba ulisema kweli, na mimi nimejifunza. Mkuu nafurahi hukusikiliza ushauri wangu wa kwanza.

FundiFaiba

Baba Wanne, mashine hiyo inatakiwa ifike kati ya 5,000 na 6,000 gesi ikiwa yote. Ikiishia 4,700 inabeba mzigo kwa gia kubwa mno, kama daladala inayopanda mlima kwa gia ya nne. Itaumia. Tazama propela: kwenye kitovu au kwenye ubawa kuna namba mbili, ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni hatua, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Nadhani utakuta 19. Boti ya wapiga mbizi hutaka mwendo wa mbali kwa mafuta kidogo. Wewe unataka kunyanyuka haraka. Weka 17. Kila inchi moja unayopunguza inakupa mizunguko 150 hadi 200.

Na viondoe vile vyuma vya mitungi, ni kilo nyingi mahali pabaya.

Mzee wa Creek (Kilifi)

Propela ndiyo dawa. Lakini niongeze ukweli mmoja: 115 kwa futi 21 yenye watu saba haitamnyanyua mtu mzima kwa ski moja. Ukitaka ski ya kweli, shusha wanne ufukweni, baki na dereva, mtazamaji na anayevutwa. Ufukwe wa Mbudya si uko upande wa bara, maji yametulia? Basi wengine wale samaki huku wakiwatazama. Kwa donati haina shida, inatosha kabisa.

Mwendo nao: mtoto kwenye donati kilomita 15 hadi 25 kwa saa, inatosha sana kumfurahisha. Ubao wa kusimamia ukivutwa 30 hadi 37. Ski ya anayejifunza anza 30 hivi, mtu mzima aliyezoea ndiye anafika 45 na zaidi. Hakuna haja ya kumkimbiza mtoto. Kwenye kona donati inaruka nje na kwenda kasi kuliko boti yenyewe, hapo ndipo shingo zinaumia.

Mke wa Baharia

Swali kwa wenye uzoefu: mafuta yakoje? Maana boti ni siku moja, petroli ni kila Jumamosi.

Dada wa Nungwi

Dada, fo-stroki ya 115 ukiibana gesi yote inakwenda kama lita 38 hadi 40 kwa saa. Lakini siku ya familia hubani hivyo, nusu ya muda mashine imezimwa. Ukitembea kwa mwendo wa kati ni karibu nusu ya hapo. Tu-stroki ya 75 ya kabureta ukiibana inakula zaidi ya lita 30 na bado oili ya kuchanganya, na nguvu ni ndogo. Kwa michezo, ambapo unanyanyuka na kusimama mara ishirini, tofauti inaonekana mfukoni kabla msimu haujaisha.

Baba Wanne

Wakuu, ni wiki ya sita tangu nifungue uzi huu. Tumenunua ile nyeupe.

Propela ilikuwa 19 kama FundiFaiba alivyosema bila kuiona. Tumeweka 17. Watu wale wale, tangi lile lile: sekunde tano na nusu imelala juu ya maji, mzunguko 5,050. Vyuma vya mitungi vimetoka, na sisi wawili na mwanangu tulivibeba kwa shida mpaka ufukweni. Mahali pake tumejenga benchi la faiba lenye mfuniko, ndani kunakaa jaketi, kamba na taulo. Ngazi mpya ina vidato vinne, viwili viko chini ya maji. Shemeji sasa anapanda peke yake na hata mama mkwe amepanda. Ukaguzi wa TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, umefanyika na leseni ninayo, walihesabu jaketi moja moja na kutazama zinavyomkaa mtoto mdogo, jambo lililonifurahisha.

Jumamosi tuliondoka saa moja asubuhi, maji yakijaa, bado ni maleleji. Bahari ilikuwa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Tuliwashusha wanne Mbudya, tukabaki mimi usukani, mke wangu akitazama nyuma, na mwanangu majini. Mara ya kwanza alinywa maji. Ya pili kamba ilimponyoka. Ya tatu nilisikia mke wangu akiita "Amesimama! Amesimama!" na nikajizuia kugeuka, maana kazi yangu ilikuwa mbele. Niliangalia uso wa mke wangu tu, na huko nilimuona mtoto vizuri.

Swali la mwisho: kamba ya donati naifunga wapi? Kuna mtu kaniambia kwenye nguzo za kivuli kwa sababu ni juu.

Dada wa Nungwi

Usifunge kwenye nguzo za kivuli, kaka! Zile zimeshikwa na skrubu ndogo za kubeba turubai. Donati ikizama pua, inavuta kama nanga, itang'oa nguzo zote na kuziangusha juu ya walioketi nyuma. Tumia zile pete mbili za chuma kwenye ukuta wa nyuma, kushoto na kulia, zilizopita ukuta na kufungwa kwa nati kwa ndani. Unaweka kamba yenye umbo la Y yenye boya katikati, ili isizame kwenye propela, na kapi yake iteleze ukikata kona.

Kamba yenyewe isome lebo. Mtu mmoja kwenye donati inatakiwa ihimili kilo 680, wawili kilo 1,080, wanne kilo 1,860. Usitumie kamba ya ski kuvutia donati, na usitumie kamba ya nailoni ya nanga, inanyumbuka ikikatika inarudi kama mjeledi. Urefu mita 18 hivi unatosha.

Na ile kamba nyekundu ya kuzima mashine, ifunge kwenye paja lako au kwenye jaketi. Usukani wako uko katikati, huna kioo wala mlango wa kukuzuia. Ukianguka wewe, aliyebaki kwenye boti ni mama na watoto, na boti isiyo na dereva huzunguka ikirudi palepale ulipoangukia.

Baba Wanne

Nimeelewa, dada. Nimeshuka sasa hivi kuzitazama pete: ya kushoto ina nati na bamba kwa ndani, ya kulia ina skrubu tu. Kesho naipeleka kwa fundi, na Jumamosi hii hatuvuti mtu.